Handaki Lisiloungua

Uliza Arua mahali pa kale pa kutazama, nawe utapandishwa kilimani. Dereva wa bodaboda niliyemwuliza alikuna kichwa, akataja kilima cha Arua chenye minara ya simu, akataja kiwanja cha gofu, halafu kwa uchangamfu akataja hoteli ya ghorofa iliyofunguliwa juzijuzi. Simlaumu. Arua ilipandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020, na jiji changa halina subira na kuta zilizochoka.

Isitoshe, kuta zenyewe hazikuwa nyingi. Eneo hili lilitwaliwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa mkataba wa mwaka 1894, likaitwa Lado. Leopold alipofariki Desemba 1909 likaangukia Sudan, na mwaka 1914 ndipo West Nile ikaunganishwa na Uganda na Arua ikawa makao ya wilaya. Kwa hiyo hata boma la kwanza la serikali lina umri wa bibi mmoja aliyeishi maisha marefu. Kisha ukaja moto. Idi Amin, ambaye ukoo wake ni Wakakwa wa Koboko, alipinduliwa Aprili 1979, na mwaka uliofuata West Nile nzima ikalipishwa deni lake. Kuanzia Oktoba 1980 askari wa serikali mpya waliingia Arua na Koboko wakapora, wakachoma, wakaua. Watu walihama kwa maelfu kwenda Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, walishambuliwa humohumo. Walionusurika waliporudi miaka kadhaa baadaye walikuta majani marefu na kuta zisizo na paa, wakaanza upya kwa matofali waliyoyachoma wenyewe.

Ndiyo maana nilikuja West Nile kutafuta shimo. Shimo halichomeki, wala mabati yake hayaibiwi. Nililolifuata ni handaki lililochimbwa kuizunguka ngome ya Dufile, ukingoni mwa mto Nile, upande wa Moyo. Lakini kwanza nilitaka kupita Koboko, kwa sababu watu wa ngome ile, Wanubi, hawako kwenye ngome. Wako mijini: Arua, Koboko, Bombo, hadi Kibera kwetu Nairobi.

Barabara ya kwenda Koboko ni ya lami, kilomita 55 hivi. Unapita Ombaci kabla hata hujakaa sawasawa kitini, unaingia Maracha ambako mabanda marefu ya kukaushia tumbaku bado yamesimama katikati ya mashamba, mengine yamegeuzwa mazizi. Ardhi inapanda na kushuka taratibu. Kuelekea Koboko unaanza kuuona mlima Liru, ambako Walugbara husema alifia Jaki, mmoja wa mashujaa wawili waliowazaa. Mwenzake, Dribidu, amelala mlima Wati upande wa Terego. Hakuna bango kwenye milima hiyo na haihitaji. Kila mtoto anaonyeshwa kwa kidole.

Koboko ni mji wa mipaka mitatu. Upande mmoja Kongo, upande mwingine Sudan Kusini kupitia Oraba, na sokoni unasikia Kikakwa, Kilugbara, Kilingala, Kinubi na Kiswahili ndani ya mazungumzo ya bei moja. Nilikuwa nimepewa salamu na jamaa wa Kibera nimpelekee shangazi yake, Hajjati mmoja mwenye nyumba nyuma ya msikiti. Nilimkuta uani, gurbaba imefungwa kiunoni, akimalizia kusuka tabaga, kile kifuniko cha chakula cha rangi nyingi ambacho Wanubi hawawezi kukiacha. Rangi ya zambarau ilikuwa imemwishia, akaniuliza kama Nairobi inapatikana. Kabla sijajibu, gurusa ya moto ilikuwa imeshafika, na chai.

Kiswahili chake ni cha kambini. Mumewe alikuwa askari, wakaishi Jinja miaka mingi. Ngeli amezipunguza lakini shabaha hakosi.

"Sisi watu ya ngome, mwanangu," alisema. "Babu ya baba yangu alikuwa na bunduki ya Selim Bey. Hapa Koboko wanasema sisi wageni. Kampala wanasema sisi watu ya Koboko. Kibera nao wanasema nini?"

Nikamweleza kuwa Wanubi wa Kibera walipewa hati ya ekari 288 mwaka 2017, baada ya kukaa pale zaidi ya karne moja bila karatasi. Alilijua hilo kuliko mimi. Alitaka tu kusikia nitalisemaje.

Selim Bey si hadithi ya familia moja. Kisa chake kinaanzia mtoni. Ukipanda na Nile kutoka Khartoum, meli inakwama kwenye mfululizo wa maporomoko unaoishia Fola, karibu na Nimule. Juu ya hapo maji yanatulia hadi Ziwa Albert. Charles Gordon, alipokuja kuwa gavana wa jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri mwaka 1874, aliliona hilo haraka: anayetaka ziwa lazima awe na karakana juu ya maporomoko. Mahali hapo ndipo Dufile. Meli za mvuke, Khedive na Nyanza, zilibebwa vipande vipande kupita miamba na kuunganishwa pale. Mwaka 1876 Mwitaliano Romolo Gessi aliondoka Dufile na mashua akalizunguka Ziwa Albert lote.

Mwaka 1878 ugavana ulimwangukia Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyezaliwa Eduard Schnitzer, mtu wa miwani na ndege waliokaushwa. Wafuasi wa Mahdi walipoiteka Khartoum Januari 1885, Emin na askari wake walibaki kama kisiwa. Agosti 1888 askari wake mwenyewe walimwasi na kumfungia humohumo Dufile, pamoja na Jephson, msaidizi wa Stanley, msafiri aliyekuja kumwokoa Emin. Kisha majeshi ya Mahdi yakaja kweli. Novemba 1888 yaliishambulia Dufile, na kikosi kilichoilinda, chini ya Selim Bey, kiliyarudisha nyuma. Emin akaondoka na Stanley mwaka uliofuata. Selim Bey hakuondoka. Mwaka 1891 Frederick Lugard alimkuta kusini-magharibi mwa Ziwa Albert akiwa na askari mamia na wake, watoto na watumishi kwa maelfu, akawaajiri kuilinda kampuni yake ya Uingereza. Hao ndio shina la Wanubi wa Uganda na Kenya. Selim Bey mwenyewe alituhumiwa uasi mwaka 1893 na kupelekwa pwani. Hakufika, alifia Naivasha. Mara ngapi nimepita Naivasha nikanunua karoti barabarani, na hakuna aliyewahi kunitajia.

"Dufile umeshafika, Hajjati?" nilimwuliza.

"Kufanya nini? Kule kuna nyasi tu."

Akarudi kwenye tabaga yake.

Kutoka Koboko kwenda Yumbe na Moyo ni zaidi ya kilomita 100, na nilipopita matingatinga yalikuwa kazini kuigeuza barabara kuwa ya lami. Vumbi lilikuwa jekundu kiasi cha kutia mate rangi. Yumbe unapita kando ya Bidi Bidi, iliyofunguliwa Agosti 2016 kupokea waliokimbia vita vya Sudan Kusini. Ina watu zaidi ya laki mbili, na kuna wakati ilitajwa kuwa kambi kubwa kuliko zote duniani. Wenyeji wengi waliotoa ardhi ile waliwahi kuwa wakimbizi wenyewe, upande wa pili wa mpaka uleule.

Moyo ni mji wa juu. Ili kwenda Dufile unateremka ukingo wa bonde hadi joto linapobadilika usoni, na Nile inaonekana chini, pana, kijani kibichi, na visiwa vya magugu vikielea polepole. Aliyeniongoza ni mwalimu kijana wa Kimadi, aliyewahi kusikia habari za ngome kutoka kwa babu yake na akazifanya kazi ya mwisho wa juma. Tulipofika alisimamisha pikipiki kwenye shamba la mihogo na kusema, "Tumeingia."

Sikuona kitu, na nadhani alikuwa amekisubiri kimya changu, kwa maana alicheka. Kisha akanishika mkono akanipitisha hatua chache, na ardhi ikashuka chini ya miguu yangu. Tukawa ndani ya handaki. Nyasi zilitufika mabegani. Upande wa ndani tuta lilipanda, limelainishwa na mvua za zaidi ya karne moja, lakini mstari wake ni mnyoofu mno kuwa kazi ya maji. Handaki na tuta vinaizunguka ngome pande tatu, na upande wa nne ni Nile yenyewe. Tulilifuata. Mahali pamoja ng'ombe wamelikata tuta kwa kushukia mtoni, na kwenye mkato ule unaweza kuona kazi ilivyofanyika: udongo mweusi wa juu uko chini, na wekundu wa chini uko juu, kwa sababu aliyechimba alitupa kwanza kile alichokuta kwanza. Niligusa mpaka wa rangi hizo mbili. Chini yake, mahali fulani ndani ya ule weusi, ndipo palipokuwa uso wa nchi kabla ngome haijajengwa. Kichuguu cha mchwa kilikuwa kimeota katikati ya tuta, kikubwa kuliko mnara wowote ambao serikali ingeweza kuujenga.

Handaki lile lilichimbwa kwa majembe, na walioyashika si Gordon wala Emin. Kambi za Ikweta ziliishi kwa nafaka na ng'ombe vilivyotwaliwa vijijini, na kwa mikono ya watu walewale. Ndiyo tofauti kubwa kati ya Dufile na handaki maarufu kuliko yote nchini, Bigo bya Mugenyi, kule Ssembabule kando ya mto Katonga. Mahandaki ya Bigo yana urefu wa jumla unaozidi kilomita 10, mengine yamekatwa kwenye mwamba, na yalichimbwa karne nyingi kabla Mzungu hajaijua Katonga. Wenyeji huyanasibisha na Wachwezi, watawala wa masimulizi ya kale, na hadi leo wapo wanaokwenda kuomba. Tangu 1997 Bigo iko kwenye orodha ya awali ya Uganda ya kuombea hadhi ya Urithi wa Dunia. Mtu anayekwenda kuomba mahali hapalimi. Dufile haina Wachwezi. Ina kinyongo.

Lipo jambo moja linaloyaunganisha maeneo haya mawili. Mwanaakiolojia Merrick Posnansky, aliyekuwa mkuu wa Makumbusho ya Uganda tangu 1958 hadi 1962, alichimba Bigo akiwa kijana mwaka 1960. Katikati ya miaka ya 2000, akiwa mzee mstaafu wa chuo kikuu huko California, alirudi Uganda kuichunguza Dufile. Nampenda kwa hilo. Wengi wa fani yake huzeeka wakifuata dhahabu na makaburi ya wafalme. Yeye alirudi kwenye mtaro.

Tulipofika pembe ya ngome mwenye mihogo alikuwa ametuona zamani. Alitungoja chini ya mkwaju, panga mkononi, shati limefunguliwa vifungo. Mwalimu alimwamkia kwa Kimadi kwa muda mrefu, wakaulizana habari za watu wa nyumbani, ndipo mzee akanigeukia kwa Kiswahili alichokipata, alisema, Zaire wakati wa ukimbizi.

"Wewe ni mtu wa serikali?"

"Hapana, mzee. Naandika."

"Serikali ikija na bango, mihogo yangu inakwenda wapi?"

Swali lile halina jibu rahisi, na nilipoangalia shamba lake nililielewa zaidi. Juu ya tuta, ambako udongo uliwahi kupinduliwa na ni mwepesi, mihogo yake ilikuwa minene kuliko ya bondeni. Ndani ya handaki, ambamo unyevu unakaa hata kiangazi, alikuwa amepanda magimbi. Kazi iliyofanywa na babu zake kwa kulazimishwa sasa inamlisha yeye. Ukimwambia aache kulima kwa ajili ya Emin Pasha, unamtaka alipe mara ya pili.

Uingereza wana mahandaki ya namna hii kwa maelfu. Kwenye mashamba yao, hasa ya kati na ya mashariki, yamejulikana karibu maeneo 6,000 ya majumba ya mabwana wa enzi za kati yaliyozungukwa na handaki la maji, mengi yakiwa yamechimbwa kati ya 1250 na 1350. Mengi hayakuwa ya vita. Bwana alichimba handaki ili jirani ajue kuwa yeye si mtu wa hivihivi. Nyumba ilishaoza zamani, limebaki shimo la mraba lenye maji na bata. Hata hivyo shimo lile, likiingizwa kwenye orodha ya serikali, lina mstari wake kwenye ramani, na mkulima hawezi kulifukia wala kulichimbua bila kibali cha maandishi. Sheria yao ya kwanza ya aina hiyo ni ya mwaka 1882. Kuna kichekesho kidogo humo: maelezo ya orodha yao hurudia karibu maneno yaleyale kwa kila shimo, kama hati za nyumba za shirika, na ubaridi huo wa kikarani ndio unaolinda. Mkulima hahitaji kulipenda shimo. Anahitaji kujua linaanzia wapi na kuishia wapi.

Uganda nayo ina sheria. Ile ya mwaka 1967 ya majengo na maeneo ya kihistoria ilimpa waziri uwezo wa kutangaza mahali kuwa pa kulindwa. Mwaka 2023 ikaja mpya, ya makumbusho na maeneo ya kihistoria. Karatasi zipo. Tatizo ni kwamba ardhi hii ni ya kimila, na Katiba ya 1995 inautambua umiliki huo sawa na umiliki wa hati. Mpaka wa shamba uko kwenye kumbukumbu ya wazee, mti fulani hadi jiwe fulani. Ngome yenye kuta ingejitetea yenyewe, hata mlevi hawezi kulima ukuta. Handaki linafutika kwa jembe, taratibu, msimu baada ya msimu, na hakuna siku moja unayoweza kusema leo limebomolewa. Moto wa 1980 haukuliweza. Mihogo italiweza.

Mwalimu alijaribu kumweleza mzee faida ya watalii. Mzee alisikiliza kwa heshima, kisha akauliza wamekuja wangapi mwaka huu. Mwalimu akanitazama mimi.

Naona hoja ya watalii ni dhaifu, na nilimwambia mwalimu hivyo baadaye. Januari 1910 Theodore Roosevelt, aliyetoka tu kwenye urais wa Marekani, alipiga kambi ukingoni mwa mto huuhuu, juu kidogo, akiwinda vifaru weupe. Jina la Rhino Camp limebaki kwenye ramani hadi leo, vifaru hawakubaki. Mgeni huacha jina na kuondoka na kitu. Mimi ningependa handaki lilindwe kwa sababu nyingine, ya kimahakama zaidi: ni ushahidi. Kwenye vitabu Dufile ni mahali ambapo Emin alifungwa na Selim Bey akashinda. Ule mkato wa ng'ombe, mweusi chini na mwekundu juu, ni mahali pekee nilipoona kazi ya mikono ya Wamadi na majirani zao. Ushahidi hautunzwi kwa kuwa unapendeza. Hata yule Hajjati wa Koboko anayesema kule kuna nyasi tu, babu wa baba yake alisimama juu ya tuta lile, na huyu wa mihogo huenda babu yake alilijenga. Hawajawahi kukutana. Mmoja huitwa mgeni na mwingine mwenyeji, na wote wawili wametoka katika shimo moja.

Nilimwuliza mzee angekubali masharti gani. Hakufikiri sana, maana yake alishafikiri zamani. Kwanza, mtu mwenye madaraka aje na kamba, apime mbele ya ukoo, aseme hapa ni handaki na hapa ni shamba, isiwe kila anayekuja ana mpaka wake. Pili, tuta ataliacha, ila magimbi avune yaliyopo. Tatu, nyasi za ndani ya ngome zifyekwe mara mbili kwa mwaka, na afyekaye alipwe, na afyekaye awe yeye. Ng'ombe wapewe njia nyingine ya kwenda mtoni.

"Na mpaka tuuwekeje ili usahaulike?" aliuliza mwalimu.

"Usisahaulike," mzee akamsahihisha, na wote wakacheka.

Mzee alitaka misaji. Mti wa msaji unakua wima, unaonekana kutoka mbali, na baada ya miaka ishirini unauzika. Mwalimu akapinga: mizizi yake itaingia kwenye tuta na kulipasua, na siku ya kuuza watakuja na matrekta. Mzee akasema basi mkonge, kama misheni walivyoweka zamani, ng'ombe hawapiti na mizizi haiendi chini. Mwalimu akakubali mkonge upande wa shamba, lakini upande wa mto akataka mawe tu, kwa sababu maji yakipanda mkonge utaoza. Walianza kubishana ni mawe mangapi na yatoke wapi, na mzee tayari alikuwa anahesabu hatua kutoka kwenye mkwaju kuelekea Nile, panga likimwonyesha njia.